Binti Aliyezaa Akiwa Mikononi mwa Mlezi

Miongoni mwa maswali wanayoulizwa walimu wetu na watu wanaochungua dini, liko moja lisilohusu kufa kwa Nabii Isa (a.s.) wala kudhihiri kwa Imamu Mahdi (a.s.). Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi wengine wakiwa wamekwisha ondoka. Muulizaji husema: Mnatufundisha kumlea yatima na kumtunza mtoto wa jamaa aliyeachwa mikononi mwetu, je, binti niliyemlea akishika mimba chini ya paa langu, amana ile imevunjika nami nimefunguka, au ningali mlezi wake?

Jawabu fupi ni kwamba ungali mlezi wake, na tangu siku hiyo umekuwa mlezi wa wawili. Lakini jawabu fupi halitoshi, kwani mwenye kuuliza ana haki ya kuonyeshwa dalili, na tena ana haki ya kuambiwa ni nani atakayemsaidia kuubeba mzigo huo. Mlezi aliyeachwa peke yake huchoka, na mlezi aliyechoka hufukuza.

Natuchukue mfano wa Ugweno. Tarafa hiyo iko katika Wilaya ya Mwanga, juu kwenye milima ya Upare Kaskazini, jirani na Usangi. Mtu hupanda kutoka Mwanga mjini kupitia Kikweni. Ni nchi ya migomba na kahawa, na ya mashamba madogo yaliyong'ang'ania miteremko. Kwa kuwa ardhi haimtoshi kila kijana, watu wa huko wamekuwa wasafiri tangu zamani, na utawakuta Moshi, Arusha, Tanga na Dar es Salaam wakitafuta riziki. Watoto wao wengi hubaki mlimani kwa bibi, au hupandishwa huko baada ya mzazi kufariki au ndoa kuvunjika. Hakuna anayekwenda kwa hakimu kuandikisha jambo hilo. Husemwa tu kwamba mtoto anakaa kwa bibi yake, au analelewa na shangazi, basi. Serikali nayo ina utaratibu wake: Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, imeweka malezi ya kambo, ambapo mtoto asiye na mwangalizi huwekwa katika familia iliyochunguzwa na Afisa Ustawi wa Jamii. Njia hizi mbili, ya ukoo na ya serikali, hukutana mahali pamoja: mtoto amelala katika nyumba ambayo si ya mzazi wake, na mwenye nyumba ameshika amana.

Tuseme basi binti ana miaka 16, yuko kidato cha pili, naye amekaa kwa shangazi yake tangu alipokuwa na miaka sita. Mama yake alifariki. Baba yuko Dar es Salaam na ana nyumba nyingine. Shangazi ni mjane, na chakula chao hutokana na ndizi anazopeleka gulioni. Mimba hujulikana katika mwezi wa tano. Wakubwa wa ukoo hukutana. Mmoja husema arudishwe kwa baba yake. Mwingine husema atafutwe mwenye mimba amwoe upesi, au atoe kitu mambo yaishe. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye huruma kuliko wote, husema azae kimya kimya, mtoto achukuliwe na bibi, naye mwenyewe apelekwe mjini akafanye kazi za nyumbani. Shangazi haulizwi anahitaji nini. Na binti hayumo barazani.

Huu ni mfano tu, wala haumhusu mtu fulani. Lakini si mfano wa ajabu. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha shika mimba. Hatusemi kwamba Ugweno inawapita wengine katika jambo hili. Tumeitaja kwa sababu huko kumlea mtoto wa jamaa ni desturi njema iliyokita mizizi, na desturi njema ndiyo yafaa kupimwa kwa jambo zito.

Sasa tuifungue Kurani Tukufu. (Katika hesabu ya aya tunayoifuata, Bismillahi huhesabiwa kuwa aya ya kwanza; mwenye msahafu wa hesabu nyingine atazame aya moja kabla.) Katika Sura Aali Imran twasoma habari za binti aliyewekwa wakfu na mama yake kabla hajazaliwa, kisha akakabidhiwa mlezi. Binti huyo ni Bibi Maryamu, na mlezi ni Nabii Zakariya (a.s.) (3:38). Chuoni tulisomeshwa kwamba neno la Kiarabu lililotumika hapo ni la asili moja na kafala, yaani kumdhamini mtu. Kwa maana hiyo mlezi si mwenye kutoa chakula tu, bali ni mdhamini, mwenye kujibu kwa ajili ya mtoto anapoulizwa na watu na anapoulizwa na Mungu. Na mbele kidogo twaambiwa kwamba watu walibishana na kutupa kalamu zao ili ijulikane ni nani atakayekuwa mlezi wake (3:45). Walishindana kuipata amana! Siku hizi pia vikao vya ukoo hubishana juu ya mlezi, ila kila mmoja huisukuma kalamu kwa mwenziwe.

Liko jambo moja katika habari hiyo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Kila Nabii Zakariya alipoingia chumbani kwa binti yule alikuta riziki, naye akamwuliza imetoka wapi. Katika tafsiri za Jumuiya yetu imeelezwa kwamba hakuna haja ya kudhani kuwa matunda yalikuwa yakishuka kutoka mbinguni. Waliokuja kuabudu walimletea zawadi. Basi mtazame mlezi yule. Hakupita kama asiyeona, wala hakuanza kwa tuhuma. Aliuliza, akangoja jawabu, na jawabu la yule mtoto, aliyeitaja fadhili ya Mungu, lilimgusa hata yeye mzee akasimama papo hapo akamwomba Mola wake ampe kizazi (3:39). Mlezi anayeona simu mpya na viatu vipya, asiulize, anaogopa jawabu. Mlezi anayeuliza kwa fimbo hapewi jawabu la kweli. Wasichana wengi wangejiepusha na mtego mapema kama wangekuwa na mtu nyumbani wa kuwauliza kwa upole: Hiki umekipata wapi, mwanangu?

Kisha binti yule yule aliyekuwa mikononi mwa mlezi akawa mzazi. Hapa nakuomba, ndugu msomaji, tusielewane vibaya. Bibi Maryamu alikuwa safi, alihifadhi utupu wake, na mimba yake ilikuwa kwa amri ya Mungu. Mungu apishe mbali, hatumlinganishi na mtu aliyeteleza. Tunachokitazama si sababu ya mimba, ni hali ya mzazi mwenyewe: kijana, asiye na mume, yuko mbali na jamaa zake, na hofu ya maneno ya watu imemjaa hata anatamani angalikuwa amekufa kabla ya siku ile. Sura Maryamu haikuificha hofu hiyo (19:24). Je, Mwenyezi Mungu alimwanzia na nini? Aliambiwa asihuzunike. Akaonyeshwa maji chini yake. Akaelekezwa kwenye shina la mtende, alitikise, aangukiwe na tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake liburudike. Na mwisho akaambiwa kwamba akimwona mtu, asiingie katika mazungumzo. Siku ile ameweka nadhiri ya kunyamaza (19:25–27).

(Kwamba tende zilikuwa mbivu wakati wa uzazi huo ni dalili kubwa juu ya majira aliyozaliwa Nabii Isa (a.s.), wala si Desemba. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Angalia mpango huo. Faraja ilitangulia. Baada yake maji na chakula. Naye hakulishwa kama mtu asiyejiweza: aliambiwa alitikise shina kwa mkono wake mwenyewe, kazi ndogo inayolingana na nguvu zake, ili ajue kwamba mwili wake ungali na manufaa. Na swali la watu, lile ambalo sisi twalianza nalo, nani, lini, wapi, kwa nini, lilizuiliwa mlangoni. Waliokuja na lawama walizileta baadaye, naye alikwisha pata nguvu za kusimama mbele yao, tena alikuja akimbeba mtoto wake waziwazi (19:28). Mkunga, shangazi, mama mkwe na sheikh wa mtaa wote wangejifunza hapa. Msichana aliyejifungua jana hapaswi kuhojiwa leo. Yanayopaswa kujulikana kwa ajili ya sheria yaulizwe na mtu mmoja anayemwamini, kwa wakati wake, faraghani.

Najua msomaji mmoja amekwisha uliza moyoni: Je, huku si kuipamba zinaa? Tukimpa sabuni, nguo za mtoto na nafasi ya shule, wasichana wengine hawatajifunza kwamba jambo hili halina hasara? Swali hili ni la haki. Uislamu umeiita zinaa njia mbaya, na katika masharti kumi ya baiati aliyoyatangaza Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) mwaka 1889, sharti la pili lamtaka anayeingia ajiepushe nayo pamoja na kila uovu. Lakini sharti la tisa la baiati ile ile lamtaka awatumikie viumbe vya Mungu kwa nguvu na neema alizopewa. Hakuna ruhusa ya kushika moja na kuacha jingine.

Tena, kabla ya kumwita mtu mzinifu, Kurani Tukufu yadai mashahidi wanne, na asiyewaleta huadhibiwa yeye (24:5). Maneno yanayosemwa kisimani na gulioni juu ya msichana mwenye mimba, mengi yao yangemfikisha msemaji mahali pabaya kama yangepimwa kwa aya hiyo. Na iko aya nyingine katika sura hiyo hiyo ambayo naona haisomwi vya kutosha. Inakataza kuwalazimisha kwenye uchafu wasichana walio chini ya mamlaka ya mtu, na inasema kwamba wakilazimishwa, Mungu kwao wao ni Mwenye maghufira na rehema (24:34). Aya ilishuka juu ya vijakazi, lakini maana yake yamfikia kila binti ambaye hakuwa na uwezo wa kukataa: aliyepelekwa mjini kuwa msichana wa kazi akaingiliwa na mwenye nyumba, aliyelipiwa nauli na mtu mzima kila siku mpaka akadaiwa, aliyelelewa na mjomba asiyemcha Mungu. Wangapi miongoni mwa wale tunaowahukumu ni wa aya hii? Mlezi asiyejua na ajizuie.

Na ikiwa aliteleza kwa hiari yake, toba iko kati yake na Mola wake, na mtoto hana toba ya kufanya kwa sababu hakutenda. Hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine (6:165). Mtu akimnyima mama chakula ili kuonyesha uchungu wake juu ya dhambi, anayelia usiku kwa kukosa maziwa ni yule asiye na dhambi. Kuhusu wasichana wengine wanaotazama: wanajifunza kweli, lakini wanachojifunza kwa mwenzao aliyefukuzwa ni kuficha. Anayeficha mimba mpaka mwezi wa nane haendi kliniki, na msichana ambaye mwili wake haujakomaa ndiye aliye katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba na ya kukwama katika uzazi, jambo ambalo huweza kumwachia fistula, akawa anatokwa na mkojo maisha yake yote asipotibiwa. Mafundisho ya haya na ya kujihifadhi yana mahali pake, katika madarasa ya Nasirati na ya Lajna Imaillah, na kwa vijana wa kiume vilevile. Kwani amri ya kuinamisha macho ilianza kwa wanaume (24:31) ndipo ikaja kwa wanawake.

Hapo tumefika kwa yule asiyetajwa sana, naye ni baba wa mtoto. Katika Sura Al-Baqara imeelezwa kwamba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye ni juu ya baba, kwa kadiri ya uwezo. Kwamba mama asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake wala baba kwa ajili ya mtoto wake. Na kwamba jukumu hilo halifi hata baba akifa, bali huwafikia warithi (2:234). Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya nasaba ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, wala si hapa pa kuyaingia. Sheria ya nchi, ambayo kila Mwahmadiyya amefundishwa kuitii, imekwisha eleza: kwa Sheria ya Mtoto, mahakama yaweza kuamuru vipimo ili baba ajulikane, na yaweza kumwamuru atoe matunzo.

Lakini matunzo ni jambo moja, na kumalizana ni jambo jingine. Mtu mzima aliyemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 amefanya kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, hata kama msichana alikubali, na Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 imeweka kifungo cha miaka 30 kwa mwenye kumpa mimba mwanafunzi. Wazee wanaopokea fedha au mbuzi ili habari isifike polisi wameuza kitu ambacho si chao. Mwahmadiyya asikae katika kikao hicho. Na ikiwa mwenye mimba ni kijana mwenzake wa shule, basi naye ni mtoto mbele ya sheria, naye pengine yuko kwa mlezi. Aambiwe ukweli, awajibishwe kwa kadiri ya umri wake, asitupwe. Baba wa miaka 17 anayepelekwa kumwona mwanawe, na anayejifunza kutoa hata kipande cha sabuni kwa jasho la likizo yake, yuko karibu zaidi na utu uzima kuliko yule aliyetoroshwa usiku kwenda kwa baba mdogo.

Na kumwoza je? Wengi huona kwamba ndoa husafisha kila kitu. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019, ziliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Nasi tunayo habari iliyo katika Sahihi Bukhari, ya Khansa binti Khidam, aliyeozwa na baba yake bila ya kupenda, alipomwendea Mtume (s.a.w.), ndoa ile ilivunjwa. Kama baba mzazi hakuwa na ruhusa ya kumlazimisha mwanamke yule, mlezi ameipata wapi?

Nirudi kwenye ile aya ya kunyonyesha, kwa maana bado ina hazina. Imesema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kunyonya, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Mama ana sauti. Haikusema mama mwenye miaka 30, wala mama aliyeolewa kwa ngoma. Jambo hili lina uzito mkubwa huko mlimani na kwingineko, kwa sababu ile njia ya tatu niliyoitaja, ya bibi kumchukua mtoto, imezoeleka sana na hufanywa kwa mapenzi. Mtoto hukua akimwita bibi yake mama, na mama yake mzazi akimwita dada. Siri hiyo yaweza kukaa miaka kumi na tano, kisha ikatoka siku moja ya ugomvi au ya posa. Kurani Tukufu imekwisha tupa kanuni ilipokataza watoto wa kulea kuitwa kwa majina ya wasiowazaa: waitwe kwa baba zao, na baba zao wasipojulikana, basi ni ndugu katika dini na marafiki (33:6). Kweli kwanza, halafu upendo ndani ya kweli hiyo. Bibi na ambebe mjukuu, amwogeshe, ampe uji. Lakini usiku alale kwa mama yake, na neno la kwanza la kumwita mama limfikie mwenyewe. Mtoto aliyelelewa na watu wawili hakupungukiwa na kitu. Mama aliyenyang'anywa mtoto, mara nyingi hutafuta mwingine upesi.

Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake amekwisha fariki, akanyonyeshwa na Bibi Halima, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na Abu Talib, na hakuna aliyemficha kwamba yeye ni mwana wa Abdullah na Amina. Alipokuwa mkubwa aliwaonyesha masahaba vidole viwili vilivyokaribiana, akieleza ukaribu wake peponi na mwenye kumlea yatima.

Sasa ni nani atakayemsaidia yule shangazi? Wapare wana neno lao, msaragambo. Mbiu hupigwa, na kila nyumba hutoa mtu kwenda kufungua njia, au kuzibua mfereji, au kuondoa tope katika ndiva. Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa dogo linalojazwa maji ya kijito usiku kucha, asubuhi hufunguliwa na kila mwenye shamba hupata zamu yake. Asiyekuja kwenye msaragambo hutozwa. Hakuna anayeuliza kama tope lile lilitoka shambani kwa nani. Ajabu ni kwamba watu hao hao, na sisi pia tusio Wapare, likija tope la namna hii twasema ni la nyumba moja.

Mbiu hii haipigwi kwa pembe, kwa maana heshima ya binti haitangazwi msikitini wala kanisani. Inatosha mama mmoja wa Lajna, mwenye ulimi mzito na miguu myepesi, kumwendea shangazi na kuuliza kinachohitajika. Mara nyingi kinachohitajika ni kidogo kuliko tulivyodhani, nacho kina saa yake. Kwanza kliniki, na mtu wa kwenda naye, kwa sababu msichana akienda peke yake hukaa benchi la mwisho na maneno ya wakubwa humrudisha nyumbani. Halafu fedha ya gari. Barabara za milimani zina miteremko mikali na mvua huziharibu. Uchungu ukianza saa nane za usiku si wakati wa kutafuta nani ana gari na anadai kiasi gani. Fedha hiyo iwe imewekwa tangu mwezi wa saba wa mimba, na dereva awe amekwisha ambiwa. Itoke katika sadaka, si katika chanda, kwa kuwa chanda zina mafungu yake. Khanga, sabuni na nguo za mtoto hupatikana kwa urahisi. Watu hupenda kutoa vitu hivyo. Wanachopenda kidogo ni kutoa saa.

Na saa ndizo zinazohitajika baadaye. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilibadili jambo hilo, ikatoa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, na tangu hapo binti aliyekatizwa masomo kwa mimba aweza kurudi katika shule yake au nyingine. Asiyetaka kurudi kwenye sare anayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na viko vyuo vya maendeleo ya wananchi ambavyo chini ya mpango uitwao Elimu Haina Mwisho vimewapokea mama vijana pamoja na watoto wao. Mlango uko wazi, ila waraka haushiki mtoto. Kutoka asubuhi mpaka alasiri nani yuko naye, na shangazi yuko gulioni? Hapo ndipo zamu za ndiva zinapofaa: Jumatatu huyu, Jumanne yule, na siku ya gulio mwingine. Wanawake wanne wanatosha. Ikiwa katika kijiji chenu Waahmadiyya ni nyumba mbili tu, msingoje ziwe kumi. Jirani Mlutheri na jirani Msuni wanajua kubeba mtoto kama ninyi, na watu wa Ugweno wamezoea kuzikana na kulimiana bila kuulizana madhehebu. Wewe unayechungua tu, ambaye hujatoa baiati, huhitaji fomu yoyote ili kuingia katika zamu hiyo.

Mlezi naye aambiwe habari za ofisi, kwani wengi huziogopa. Ikiwa nyumba yake haina usalama, au mwenye kumpa binti mimba anaishi humo humo, binti asirudishwe ndani kwa jina la kustahi ukoo. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ndiye wa kuonwa, na njia ya kumfikia huanza kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Sheria ya Mtoto imempa kila mtu anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa wajibu wa kutoa taarifa, si jamaa zake peke yao. Familia inayoweza kumpokea binti pamoja na mwanawe ijitokeze huko, ichunguzwe, isione aibu kuchunguzwa. Iseme tangu mwanzo kwamba itawapokea wote wawili.

Limebaki swali ambalo huulizwa karibu kila mara, nalo ni la siku ya saba. Je, mtoto huyu afanyiwe akika? Ndiyo, kama mtoto mwingine yeyote. Nywele hunyolewa, sadaka hutolewa kwa uzito wake wa fedha, na mwenye uwezo huchinja mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Asiye na uwezo hana lawama. Mlezi akishindwa, mtu mwingine katika Jumuiya aweza kuchinja kwa niaba yake, na nyama igawanywe kwa majirani bila hotuba. Adhana husomwa katika sikio la mtoto mara tu anapozaliwa, nayo haihitaji fedha wala kikao. Jina lisemwe na mama yake, na jina hilo hilo ndilo lipelekwe kuandikwa katika cheti cha kuzaliwa, pamoja na lake yeye mama katika nafasi ya mama.